Kompyuta Moja, Mifumo Endeshi Miwili: Uchambuzi wa Kisa cha Windows na Linux katika Idara ya Utafiti

Usuli

Kisa hiki kinahusu idara ya utafiti katika chuo kimoja cha afya nchini Tanzania. Majina ya watu, chuo, mji na mradi yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa kiini cha kisa yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike.

Idara ilikuwa na kompyuta mpakato moja tu yenye nguvu ya kutosha, iliyonunuliwa kwa fedha za mradi: RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi) ya GB 16, diski ya SSD ya GB 512, na Windows 11 iliyokuja nayo kutoka dukani. Mchana ilikuwa mikononi mwa mhasibu wa mradi, ambaye programu yake ya hesabu hufanya kazi ndani ya Windows pekee. Baadaye idara ilianza kupokea takwimu za jenomu za bakteria zilizotoka kwenye sampuli za maabara, na mtafiti aliyepewa kazi ya kuzichambua alikuta kwamba karibu zana zote alizofundishwa kuzitumia zimeandikwa kwa ajili ya Linux. Fedha za kununua kompyuta ya pili hazikuwamo katika bajeti ya mwaka huo. Mkuu wa idara akaelekeza kwamba kompyuta hiyohiyo iwekewe Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kando ya Windows, ili kila mtu awashe mfumo anaouhitaji.

Njia nyingine zilikuwapo na zilijadiliwa, ingawa kwa haraka. Iliyo karibu zaidi ilikuwa WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows kwenyewe bila kugusa mpangilio wa diski. Tatizo lilikuwa RAM. Toleo la pili la WSL, lisiporekebishwa, hujiwekea kikomo cha nusu ya RAM ya kompyuta, na kwa kompyuta hii nusu ni GB 8. Mtafiti alikuwa akitumia Kraken2, programu inayotambua asili ya vipande vya DNA kwa kupakia kanzidata yake nzima kwenye RAM, na kanzidata ndogo iliyomfaa ilikuwa ile iliyopunguzwa hadi GB 8. Kikomo cha WSL kinaweza kupandishwa, lakini Windows yenyewe ingebaki na RAM kidogo huku programu zake zikiwa bado wazi. Kwa sababu hiyo uamuzi wa kuweka mifumo miwili ulikuwa na msingi. Kama kazi yenyewe ingekuwa ya kujifunza amri za Linux au kuandika programu ndogondogo, WSL ingetosha na kisa hiki kisingekuwapo.

Jaribio la kwanza

Kazi ilipewa kwanza kijana mmoja wa chuoni aliyesifika kwa ujuzi wa kompyuta. Aliandaa flashi ya Ubuntu 24.04, akaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, na programu ya usakinishaji ikashindwa kuiona diski. Sababu yake ni ya kawaida: mipangilio ya UEFI, yaani programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya mfumo endeshi, ilikuwa imeiweka diski chini ya Intel RST, hali ambayo programu nyingi za kusakinisha Linux hukwama nayo, badala ya AHCI, hali iliyo ya kawaida zaidi. Kijana alifuata maelekezo aliyoyakuta kwenye video, akaingia kwenye mipangilio ya UEFI, akabadilisha RST kuwa AHCI, na kwa kuwa video hiyohiyo ilishauri hivyo, akazima pia Secure Boot, kinga inayoruhusu programu za uwashaji zenye sahihi inayoaminika pekee.

Alipojaribu kurudi Windows ili apunguze ukubwa wa patisheni yake (sehemu yake ya diski), hakufika. Ulitokea ukurasa wa buluu wa BitLocker, programu ya Windows ya kusimba diski, unaodai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Hakuna aliyeujua, na wengi katika idara hawakuwa na habari kwamba diski ilikuwa imesimbwa kwa fiche. Windows 11 huweza kuwasha usimbaji huo yenyewe, mara mtu wa kwanza anapoingia kwa akaunti yake ya Microsoft, na ufunguo ukahifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Mtu wa kwanza kuingia alikuwa mratibu wa zamani wa mradi, ambaye alikwisha hamia mkoa mwingine.

Siku hiyo ilikuwa ya kulipa posho za wakusanyaji wa takwimu. Mhasibu hakuweza kufungua vitabu vyake, na watu waliotoka vijijini kwa ajili ya malipo wakarudi mikono mitupu. Jambo hili ndilo lililofanya suala litoke idarani na kufika kwa afisa TEHAMA wa chuo.

Kurudi nyuma kabla ya kwenda mbele

Afisa TEHAMA hakuanza kutafuta ufunguo, wala hakusakinisha chochote upya. Aliuliza swali moja: ni nini kilichobadilishwa kwenye mipangilio ya UEFI, na kwa mpangilio gani? Kijana alikumbuka yote mawili na akayasema bila kuficha. Afisa akairudisha diski kwenye RST, akawasha tena Secure Boot, na Windows ikafunguka bila kudai ufunguo.

Hatua hii inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu watu wengi wanapofika kwenye ukurasa wa buluu huamini kwamba wamekwisha poteza kila kitu na hukimbilia kufuta diski. BitLocker huukabidhi ufunguo wake kwa TPM, chipu ya kompyuta inayotunza funguo, na chipu huutoa tu pale hali ya uwashaji inapolingana na ile iliyokuwapo ufunguo ulipowekwa. Hali ya Secure Boot ni mojawapo ya vitu vinavyopimwa. Ikizimwa, vipimo havilingani, na chipu hunyamaza. Ikirudishwa kama ilivyokuwa, vipimo hulingana tena na mlango hufunguka, maana hakuna kilichoharibika kwenye diski. Suala la RST na AHCI ni tofauti kidogo: hata bila BitLocker, Windows iliyozoea kuwasha kwa RST hukosa kiendeshi (programu ya kuongoza kifaa) cha AHCI mwanzoni kabisa mwa uwashaji na husimama kwa kosa la INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Kijana alikuwa amefunga milango miwili kwa pamoja, na alikuwa akiuona mmoja tu.

Windows ilipofunguka, afisa alizuia mabadiliko yoyote mengine hadi suala la umiliki litatuliwe. Akaunti pekee yenye mamlaka ya msimamizi ilikuwa ya yule mratibu wa zamani. Alimpigia simu. "Shikamoo dada, samahani kwa usumbufu," alisema, "ile kompyuta ya mradi bado inakutambua wewe kuwa ndiye mwenyewe. Naomba tuikabidhi idara rasmi." Mratibu alishirikiana vizuri: aliingia kwenye akaunti yake, akausoma ufunguo uliokuwa na kitambulisho kilicholingana na kile cha kompyuta, na akasaidia kufungua akaunti mpya ya msimamizi inayomilikiwa na idara, yenye nenosiri la kawaida badala ya PIN. Sababu ya nenosiri itaonekana hapa chini.

Maamuzi ya usakinishaji

Nakala ya akiba ya mafaili yote ya mhasibu na ya mtafiti iliwekwa kwenye diski ya nje, ikafunguliwa kwenye kompyuta nyingine ili kuthibitisha kwamba inasomeka. Kisha afisa aliamua kuondoa kabisa usimbaji wa BitLocker kwa muda, badala ya kuusimamisha tu. Kusimamisha kungekuwa haraka zaidi, lakini kazi iliyokuwa mbele ilihitaji kubadilisha hali ya diski, kubadilisha rekodi za uwashaji za Windows na kugawa diski upya, na kila moja ya hatua hizo ingeweza kuamsha dai la tarakimu 48. Alipendelea kusubiri diski isimbuliwe hadi mwisho kuliko kubahatisha. Kwa kuwa umeme hukatika bila taarifa, kazi nzima ilifanywa betri ikiwa imejaa na chaja ikiwa imechomekwa.

Kuhama kutoka RST kwenda AHCI kulifanywa kwa njia inayoiandaa Windows kwanza. Kwa amri ya bcdedit aliiagiza Windows iwake kwa Safe Mode mara itakayofuata, akaizima, akabadilisha mpangilio kwenye UEFI, akaiwasha. Katika Safe Mode Windows hupakia viendeshi vya msingi, hukitambua kiendeshi cha AHCI, na baada ya hapo agizo la Safe Mode huondolewa na kompyuta huwaka kama kawaida. Hapa ndipo nenosiri lilipohitajika, kwa kuwa PIN inaweza kukataliwa katika Safe Mode, na mtu asiye na nenosiri hujikuta amesimama mlangoni mwa nyumba aliyojifungia mwenyewe.

Kupunguza patisheni ya Windows kulileta kikwazo kingine. Diski ilikuwa na zaidi ya GB 300 zilizo tupu, lakini Disk Management, zana ya Windows ya kugawa diski, ilikubali kuachia takriban GB 40 tu. Sababu ni kwamba baadhi ya mafaili ya Windows hayahamishiki wakati mfumo unafanya kazi: faili la Hibernate (hali ya kulaza kompyuta kwa kuhifadhi kazi kwenye diski), faili la kumbukumbu ya ziada na nakala za System Restore. Kama faili kama hilo limekaa katikati ya patisheni, nafasi yote tupu iliyo kabla yake, upande wa mwanzo wa patisheni, huonekana na haipatikani. Afisa alizima Hibernate kwa amri ya powercfg /h off, akaondoa kwa muda faili la kumbukumbu ya ziada na System Restore, akawasha upya, na mara hii zikapatikana GB 180 alizozihitaji. Hakutumia programu ya kugawa diski kutoka upande wa Linux. Patisheni ya Windows ni bora ipunguzwe na Windows yenyewe, na hapa nakubaliana naye kabisa.

Flashi iliandaliwa upya baada ya faili la Ubuntu kulinganishwa na alama yake ya SHA256, yaani namba ya kuthibitisha kwamba faili halijabadilika, kwa kuwa faili la GB kadhaa lililopakuliwa kwa mtandao wa kusuasua linaweza kufika likiwa na kasoro. Secure Boot iliachwa ikiwa imewashwa muda wote. Ushauri wa kuizima, unaorudiwa mno kwenye video, haukuwa na kazi hapa, kwa sababu Ubuntu huja na kianzishi (programu inayouanzisha mfumo) kiitwacho shim chenye sahihi ya Microsoft, ambacho Secure Boot hukikubali. Flashi ilipowaka, afisa alihakikisha kuwa folda ya /sys/firmware/efi ipo, ishara kwamba kompyuta imewaka kwa njia ya UEFI. Ubuntu ikisakinishwa kwa njia ya zamani ya BIOS kando ya Windows ya UEFI, mifumo hiyo miwili haitaonana kwenye orodha moja ya uwashaji.

Katika ugawaji, patisheni ya EFI (inayotunza vianzishi) iliyokuwapo tayari, yenye MB 260, ilitumiwa kwa pamoja na haikufomatiwa. Kisanduku cha kufomati kiko hatua moja tu kutoka kwenye kisanduku cha kuchagua, na mtu akikitia alama hufuta kianzishi cha Windows. Patisheni ya mfumo ilipewa GB 60, ya takwimu GB 100, zote kwa ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux, na GB 20 zilizobaki zikawa patisheni ya NTFS, mpangilio wa Windows, ya kubadilishana mafaili.

Milango miwili badala ya mmoja

Uamuzi ninaouona kuwa bora kuliko yote katika kisa hiki ulihusu orodha ya uwashaji. Desturi ni kuiacha GRUB, kianzishi cha Linux, ikae mbele na kumwonyesha mtumiaji mifumo yote miwili. Ubuntu ilipomaliza kusakinishwa ilijiweka ya kwanza, kama kawaida yake. Afisa alitumia amri ya efibootmgr kuirudisha Windows nafasi ya kwanza, na akaelekeza kwamba anayetaka Linux abonyeze F12 wakati kompyuta inawaka na kuichagua kwenye menyu ya UEFI.

Sababu ilikuwa BitLocker, ambayo ilipaswa kurudi kwa kuwa kompyuta ilibeba taarifa za malipo na za washiriki wa utafiti. Windows ikiitwa kupitia GRUB, mnyororo wa uwashaji unakuwa na vipande visivyo vya Windows, na mara nyingi TPM hukataa kutoa ufunguo. Windows ikiwaka moja kwa moja kwa kianzishi chake, vipimo hubaki safi. Kulikuwa na faida ya pili: mhasibu, ambaye hakuomba mabadiliko yoyote, anawasha kompyuta yake kama alivyozoea na haoni orodha asiyoielewa. Mzigo wa kubonyeza kitufe cha ziada ulibebwa na aliyeuhitaji mfumo wa pili.

BitLocker iliwashwa tena kutoka Windows iliyowaka kwa njia hiyo. Ufunguo mpya ulichapishwa, nakala moja ikawekwa kwenye kabati la chuma la mkuu wa idara na nyingine kwa kitengo cha TEHAMA.

Matokeo

Mifumo yote miwili ilifanya kazi, na mtafiti aliendesha Kraken2 bila kukwama. Matatizo mawili yaliibuka baadaye.

La kwanza lilikuwa la saa. Mhasibu alilalamika kwamba baadhi ya vocha zimebeba muda wa saa tano asubuhi wakati alizitoa saa nane mchana. Saa ya ndani ya kompyuta ni moja. Linux huiandika kwa UTC (saa ya kimataifa ya marejeo), Windows huisoma kama saa ya mahali, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya UTC. Kompyuta ilipokuwa kwenye mtandao Windows ilijirekebisha baada ya muda, lakini mhasibu alifanya kazi nyingi bila mtandao. Ushauri wa kawaida ni kuibadilisha Windows isome UTC, kwa sababu saa ya mahali huleta mkanganyiko katika nchi zinazosogeza saa majira ya joto na ya baridi. Tanzania haisogezi saa. Afisa aliigeuza Linux ifuate saa ya mahali kwa amri ya timedatectl set-local-rtc 1, na Windows ya mhasibu haikuguswa.

La pili lilihusu patisheni ya kubadilishana. Mhasibu aliomba Hibernate irudishwe ili asipoteze kazi betri inapoisha, na ikarudishwa. Pamoja nayo ikarudi Fast Startup, ambayo tangu Windows 8 hufanya kuzima kompyuta kusiwe kuzima kamili: sehemu ya mfumo hulazwa kwenye diski, na patisheni za NTFS huachwa kama zinazoendelea kutumika. Mtafiti alipowasha Linux alikuta anaweza kusoma mafaili lakini hawezi kuandika. Linux ilikuwa sahihi kukataa, kwa sababu kuandika kwenye patisheni ambayo Windows inaamini bado iko mikononi mwake ni njia ya kuharibu mafaili. Fast Startup ilizimwa peke yake, Hibernate ikabaki, na mhasibu akaombwa azime kabisa kompyuta kabla ya kumkabidhi mtafiti.

Uchambuzi

Jaribio la kwanza halikushindwa kwa sababu ya Linux. Kijana hakufika hata kwenye kuisakinisha. Lilishindwa kwa sababu hakuna aliyejua Windows ilikuwa tayari inamiliki nini kwenye kompyuta ile: ufunguo, akaunti ya msimamizi, hali ya diski, saa, na nafasi ya kwanza kwenye orodha ya uwashaji. Ukilitazama kila tatizo lililotokea, pamoja na yale ya baadaye, utaona ni mgongano kuhusu kitu kimoja ambacho mifumo miwili inakidai. Maelekezo mengi ya usakinishaji huanza na flashi. Kisa hiki kinaonyesha kuwa yangepaswa kuanza na BitLocker na jina la mtu anayeshika ufunguo wake, na katika taasisi za umma, ambako watumishi huhamishwa, jina hilo mara nyingi si la mtu aliyepo.

Kurudisha mipangilio kabla ya kutafuta suluhisho jipya ndiko kulikookoa takwimu. Hilo liliwezekana kwa sababu kijana alikumbuka alichobadilisha na hakutishwa. Kama angegombezwa kwanza, pengine angetaja badiliko moja tu.

Upande uliofanywa vibaya ni ulinzi wa sehemu ya Linux. Patisheni za ext4 na ile ya kubadilishana hazikusimbwa. Idara ilitegemea kanuni kwamba takwimu zenye majina ya washiriki zitabaki Windows, na kwamba upande wa Linux utabeba jenomu za bakteria na namba za sampuli tu. Kanuni ya karatasi haizuii mtu kunakili faili kwa haraka jioni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haitofautishi patisheni na patisheni. Usimbaji wa Linux ulipaswa kuwekwa wakati wa usakinishaji, diski ikiwa bado tupu, kwa kuwa kuuweka sasa kwa kawaida kunamaanisha kuhamisha kila kitu na kuanza upya upande huo.

Masasisho nayo hayakupangiwa mtu. Tarehe 13 Agosti 2024 Microsoft ilitoa sasisho la Windows lililozuia matoleo ya zamani ya vianzishi vya Linux, kutokana na udhaifu wa GRUB uliotambuliwa mwaka 2022, na kompyuta nyingi zenye mifumo miwili zikagoma kuwasha Linux zikionyesha ujumbe kwamba uhakiki wa SBAT, orodha ya matoleo ya vianzishi yanayoruhusiwa, umeshindwa. Windows ya mhasibu husasishwa kila inapopata mtandao. Linux ya mtafiti husasishwa anapokumbuka. Pengo hilo likikua, upande mmoja unaweza kuufungia mwingine nje bila mtu yeyote kugusa kitu.

Kuna pia jambo ambalo ugawaji wa diski hauwezi kulitatua. Mifumo miwili kwenye kompyuta moja haiwaki kwa wakati mmoja, na uchambuzi wa sampuli nyingi huchukua saa nyingi. Idara ilikubaliana kwamba mchana ni wa mhasibu na usiku ni wa mtafiti, na mwishoni mwa mwezi mhasibu huibakiza hadi jioni. Mtafiti ameomba kompyuta ya pili iingizwe kwenye andiko la mradi unaofuata.